Vita vya Uhuru Vilibebwa Kichwani

(Mazungumzo yaliyotolewa Songea mbele ya wanafunzi wa ualimu, wazee wa mji na wananchi waliohudhuria)

 

Tumeombwa tuseme habari za Vietnam, namna watu wa nchi ile walivyopigana na Wafaransa mpaka wakawatoa. Habari hiyo tutaisema. Lakini hapa Songea hatuwezi kuisema kama watu wanaosimulia mambo ya ugenini, maana mji huu wenyewe una kaburi la vita vya namna hiyo, na mto ulio kusini yetu umevukwa na vita vingine vya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo tutasema vita vitatu: vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907, vya Vietnam, mwaka 1946 mpaka 1954, na vya ndugu zetu wa Msumbiji, mwaka 1964 mpaka 1974. Na katika vyote vitatu tutauliza swali moja ambalo halina fahari hata kidogo: mpiganaji alikula nini, na ni nani aliyembebea?

Watu wakizungumza habari za vita hupenda kuuliza nani alikuwa na mizinga na jemadari alikuwa nani. Maswali hayo yana mahali pake. Lakini sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya chama twajua ya kuwa mkutano hauandaliwi na yule mwenye kipaza sauti. Huandaliwa na mama aliyeamka alfajiri akatwanga, na kijana aliyebeba viti kichwani. Vita navyo ndivyo vilivyo, ila njaa yake ni kubwa zaidi.

Tuanze nyumbani. Liko neno lisemwalo sana, na tunaolisema zaidi ni sisi vijana tuliosoma kidogo, ya kwamba wazee wetu walishindwa na Wajerumani kwa sababu ya ujinga wa kuamini maji. Neno hili hatulikubali.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu. Dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yenye kuchanganywa na mtama, ilikuwa imekwisha enea. Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga mapema mwezi wa Agosti, lakini dawa ilikuwa njiani tayari. Huku Ungoni ililetwa na Omari Kinjala, akapokelewa Kitanda kwa Mkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala wa watu wake. Mputa Gama wa Njelu akaingia vitani, na Chabruma wa Mshope akaingia. Fikirini maana yake, ndugu zetu. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni, watu ambao wengine wao jana tu walikuwa wakitekana, wanakunywa maji ya namna moja na kuapa kiapo kimoja. Sisi leo tuna kadi na magazeti na redio, na bado twajua ugumu wa kuwakalisha pamoja watu wa tarafa mbili. Atakayewacheka wazee kwa ajili ya maji yale na atuonyeshe kwanza yeye ameunganisha watu wangapi.

Ni kweli risasi haikugeuka maji. Tarehe 21 Oktoba 1905 Kapteni Nigmann, aliyetoka Mahenge na askari wake, aliwavamia Wangoni kambini mwao Uwereka kwa bombom, na yasimuliwa ya kwamba watu waliitupa dawa hapo hapo wakisema maji ni uongo. Sasa, kama vita vile vingalikuwa ni imani ya maji peke yake, vingalikwisha siku ile. Havikwisha. Wazee walijigawa vikundi vikundi, wakaingia maporini, wakaacha kumkabili Mjerumani uwanjani. Walikuwa wakipiga na kuondoka. Namna hii ya kupigana dunia nzima iliisifu baadaye ilipofanywa na watu wa Asia, ikaandikiwa vitabu. Huku kwetu ilifanywa na watu waliokwisha tambua kwamba maji hayafai, na wakaendelea kupigana hali wanatambua hivyo. Je, huo ni ujinga?

Wajerumani hawakuwa na askari wa kutosha wa kuwafuata watu katika kila bonde. Ndipo wakashika silaha nyingine. Mwezi ule ule wa Oktoba ofisa wao mmoja, Kapteni Wangenheim, aliandika katika taarifa yake ya kuwa kupigana peke yake hakutoshi, na kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri. Gavana Götzen akaikubali njia hiyo. Hapa Songea aliyeitekeleza alikuwa Kapteni Richter. Maghala yalitolewa chakula au yakachomwa moto, vijiji vikateketezwa, na wenye mashamba wakazuiwa kulima. Ninyi ni wakulima au watoto wa wakulima, hatuna haja ya kuwaeleza maana ya kufika mwezi wa Desemba huna mbegu, na jembe lako limo ndani ya nyumba iliyoungua.

Mputa alikamatwa mwezi wa Januari 1906. Tarehe 27 Februari wakanyongwa mashujaa 67 katika mji huu, miongoni mwao mwanamke mmoja, Mkomanile. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, akakataa kubaki baada ya wenzake. Chabruma alivuka mto Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, na huko akauawa. Likumbukeni hili la Chabruma kuvuka, tutalirudia.

Idadi ya waliokufa katika nchi yote iliyopigana, Wajerumani wenyewe waliikadiria kuwa 75,000. Watafiti waliokuja baadaye walisema 250,000 mpaka 300,000. Shikeni hesabu mnayotaka. Katika kila hesabu, waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata njaa ni wengi kupita waliokufa kwa risasi. Kila tarehe 27 Februari twakusanyika pale makumbusho, twawataja waliopanda kitanzini, na ni haki yao kutajwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika papa hapa, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha. Nalo lilifaa. Lakini bibi aliyekufa nyumbani kwake mwaka 1907 kwa kula mizizi, hali ghala lake lilitiwa moto na askari, yeye hakuna jiwe lenye jina lake.

Sasa twende Asia. Burma, ambako babu zetu wa jeshi la K.A.R. walipelekwa kupigana na Wajapani mwaka 1944, imepakana na Laos, na Laos imepakana na Vietnam. Si mbali na nyayo za babu zetu. Wafaransa waliitawala nchi ile tangu karne ya kumi na tisa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani wakaingia. Mfaransa na Mjapani wote walichukua mpunga wa watu. Mwanzoni mwa mwaka 1945 pakatokea njaa kaskazini mwa Vietnam iliyoua watu wengi mno. Wengine husema laki nne, wengine husema milioni mbili. Chama cha Viet Minh cha Ho Chi Minh kilifanya nini? Hakikuitisha mkutano wa kueleza ubaya wa ukoloni. Kiliwaongoza watu kwenda kufungua maghala ya mpunga na kugawana chakula. Tarehe 2 Septemba mwaka ule Ho Chi Minh alipotangaza uhuru mjini Hanoi, wale waliomsikiliza walikuwa watu waliokwisha ona ni nani aliyewalisha.

Mfaransa hakukubali. Vita vikubwa vikaanza mwezi wa Desemba 1946, vikaenda miaka saba na zaidi. Hatutavisimulia vyote. Tutakwenda moja kwa moja katika bonde la Dien Bien Phu, karibu na mpaka wa Laos, ambako Wafaransa walishusha askari wao kwa ndege mwezi wa Novemba 1953 wakajenga ngome. Kila kitu chao kilikuja kwa ndege, mkate, risasi, hata mvinyo. Pande zote kuna milima na msitu. Majemadari wa Kifaransa walipiga hesabu zao wakaona haiwezekani mtu kupitisha mizinga mikubwa katika milima ile, wala kulisha jeshi kubwa mahali pasipo barabara.

Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Walimu watarajiwa, itieni ubaoni muione. Mtu abebe kichwani kilo 25 za mchele. Njia ni siku kumi kwenda na siku kumi kurudi. Akila kilo moja kwa siku, amekula kilo 20, naye amefikisha kilo 5. Kumlisha askari mmoja wa mbele kwa mwezi wa siku thelathini wahitaji wabebaji sita, na wao wote ni midomo. Njia ikizidi kidogo, mbebaji atafika mikono mitupu. Hivyo ndivyo jeshi la watu maskini lifavyo kabla halijapigwa.

Watu wa Vietnam waliijibu hesabu hiyo kwa baiskeli. Walifunga fimbo ndefu kwenye usukani ili mtu aweze kuongoza akiwa ubavuni, wakafunga fimbo nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia, wakatia viraka na vitambaa katika matairi, na baiskeli moja ikachukua kilo 200 na zaidi. Mmewaona vijana wetu wakisukuma magunia ya mahindi kuja sokoni? Ni jambo lile lile, ila wale walisukuma usiku, katika matope, na ndege za Mfaransa zikitupa mabomu juu ya njia. Rudini ubaoni: mtu wa siku zile zile ishirini amekula kilo 20, amefikisha 180. Ziliingia kazini baiskeli kiasi cha 20,000, na raia wabebaji na watengeneza njia kiasi cha 260,000, wengi wao wanawake. Mizinga ilivutwa mlimani kwa kamba na kwa mikono. Mwezi wa Januari 1954, mashambulizi yakiwa yamekwisha pangwa, Jenerali Vo Nguyen Giap aliona mambo hayajakamilika, akaamuru mizinga irudishwe nyuma na kazi ianzwe upya. Fikirini kumwambia mtu aliyevuta chuma siku nyingi kwamba sasa akirudishe! Wakakirudisha. Tarehe 13 Machi wakaanza kupiga, na tarehe 7 Mei 1954 ngome ikaanguka baada ya siku 56. Askari wa upande wa Ufaransa kiasi cha 10,000 wakatekwa, na miongoni mwa jeshi lile walikuwamo Waalgeria, Wamoroko na Waafrika wa magharibi, watu wa makoloni waliopelekwa kulinda koloni la mwenzao. Algeria ikaanza vita vyake tarehe 1 Novemba mwaka ule ule.

Na kwetu, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, miezi miwili kamili baada ya bonde lile kuanguka. Hatusemi jambo moja lilizaa jingine. Twasema tu kwamba mwaka ule ulikuwa mwaka mzito kwa wenye makoloni.

Wapo wanaosema Vietnam ilishinda kwa mizinga ya Uchina. Mizinga ilitoka Uchina, hilo halina ubishi, na bila mpaka ule wa kaskazini mambo yangalikuwa mengine. Lakini mzinga ukishushwa mpakani haujifikishi wenyewe vitani. Kwa nini basi mkulima akubali kuubeba? Mojawapo ya majibu ni shamba. Tangu mwaka 1953 Viet Minh walianza kupunguza kodi za ardhi kwa nguvu na kuwagawia maskini mashamba ya wenye nacho. Mbebaji alijua anabebea shamba lake. Na kwa kuwa hatukuja hapa kusifu tu, tuseme pia kwamba kazi ile ya kugawa ardhi iliendeshwa kwa ukatili, watu kwa maelfu wakauawa, wengine bila kosa, hata mwaka 1956 chama chao wenyewe kikakiri kwamba kimekosea. Mwenye kupenda Vietnam na alijue hilo nalo. Nchi yenyewe iligawanywa vipande viwili kwa mapatano ya Geneva ya Julai 1954, ikaingia katika vita vingine na Wamarekani ambavyo havikwisha mpaka mwaka 1975. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Turudi Ruvuma. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, Eduardo Mondlane akawa rais wake. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa kushambulia kituo cha Wareno pale Chai katika jimbo la Cabo Delgado, na upande wetu huu wa Ziwa Nyasa vikawaka katika jimbo la Niassa. Ramani itazameni vizuri. Watu wa Maji Maji hawakuwa na mgongo wa kuegemea. Kaskazini kwao Mjerumani, kusini kwao Mreno, na Chabruma alipovuka mto alikwenda kufia huko. Miaka hamsini na minane baadaye njia ile ile ya mto ikageuka. Safari hii aliyekimbia alivuka kutoka kusini kuja kaskazini, na akakuta nchi huru. Wakimbizi wakakaa Muhukuru, wakakaa Lundo, wakakaa Rutamba upande wa Lindi. Watoto wakasomeshwa Tunduru katika shule ya Frelimo. Vijana wakafunzwa vita Kongwa na Nachingwea.

Na mizigo? Silaha zilizoshushwa Dar es Salaam zilifika kusini kwa lori, lakini lori haliingii Niassa iliyo chini ya ndege za Mreno. Kuanzia mtoni na kwenda mbele ni vichwa vya watu. Kina mama walibeba masanduku ya risasi wakiwa na watoto mgongoni, wakatembea usiku kwa siku nyingi, wakijihadhari na mabomu yaliyozikwa njiani. Kutoka Cabo Delgado walirudi na korosho na ufuta, wakauza upande huu, wakapata chumvi, nguo na majembe. Mwaka 1967 Frelimo wakaunda kikosi cha wanawake chenye silaha, ambacho Josina Machel, aliyefariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, alikuwa mmoja wa waliokijenga. Lakini kabla ya kupewa bunduki wanawake walikwisha kuwa barabara ya jeshi zima.

Mreno naye alijua, kama Richter alivyojua, kwamba mpiganaji hukaa ndani ya ghala la mkulima. Akawakusanya watu kwa mamia ya maelfu katika vijiji vyenye ua wa waya, alivyoviita aldeamento, ili mashamba yao yasimlishe mtu wa porini. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga akaleta askari kiasi cha 35,000 kuufagia upande wa kaskazini. Frelimo haikufagiwa. Kazi ya kulima ilikuwa amri kwa wapiganaji, si kwa raia peke yao, na mizigo ikazidi kupita.

Hapa hatuna budi kusema neno moja chungu. Adui wa mbebaji hakuwa Mreno peke yake. Lazaro Nkavandame, mkubwa wa Frelimo katika Cabo Delgado, alilaumiwa na wenzake kwamba yeye na wenyeviti wake waliifanya biashara ya kuvuka mto kuwa duka lao. Mama abebe korosho juma zima kwa ajili ya uhuru, apewe chumvi kidogo, na faida ibaki kwa mwenyekiti. Ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno, katika mwaka ule ule ambao Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari. Sisi tunaoitwa viongozi wa vijiji na matawi, habari hii tusiisome haraka haraka.

Mwisho wa vita mwaujua. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali yao wenyewe. Tarehe 7 Septemba mapatano yakatiwa saini Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru chini ya Samora Machel.

Sasa tuna jambo la kuwaomba, nalo ndilo hasa lililotuleta. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1964 sasa amepita themanini. Huko Muhukuru, Mkenda, Tunduru na Mbamba Bay wamo wazee waliobeba, na wamo waliowapikia wabebaji, Watanzania kwa Wamsumbiji, maana Myao na Mnyanja wapo ng'ambo zote mbili wala hawakuuliza pasi. Majenerali wameandikwa. Hawa hawajaandikwa. Kila juma twazika mmoja wao, na kwenye mazishi husemwa tu kwamba alikuwa mkulima hodari na mcha Mungu.

Wanafunzi wa ualimu, mnakwenda likizo. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja. Usimwulize habari za ukoloni na ukombozi, atakupa hotuba aliyoisikia redioni. Mwulize mzigo ulikuwa na uzito gani, na ulifungwa kwa kamba ya nini. Mwulize walilala wapi, unga ulitwangwa na nani, mto waliuvuka kwa mtumbwi wa nani, na mtoto akilia usiku karibu na Wareno walifanyaje. Andika kama alivyosema, kwa Kiyao, Kingoni, Kimatengo au Kinyanja ikiwa ndiyo lugha yake, ndipo uweke Kiswahili chini. Andika na majina ya wale atakaowataja kuwa walikuwa naye, maana hao tutawatafuta baadaye. Madaftari yakirudi tutayapeleka pale makumbusho ya Maji Maji, yakae karibu na kaburi.

Madaftari yapo mezani kwa katibu, kila mtu achukue moja. Wenye baiskeli wabaki kidogo tugawane njia ya Muhukuru.